Mume Mgeni Katika Nchi ya Mkewe

Wazee wa mabinti wanapokuja kutuarifu habari ya posa, hutuuliza kwanza juu ya dini ya kijana, kisha juu ya kazi yake, kisha juu ya mahari. Maswali hayo ni mema na yana asili yake katika mafunzo yetu. Lakini liko swali jingine ambalo katika mialo yetu hii ya ziwa halina budi kuulizwa, nalo aghalabu halikumbukwi mpaka mambo yameharibika: kijana huyu ni raia wa nchi gani, na akisha kumwoa binti yetu ataishi hapa kwa ruhusa ya nani?

Hilo ndilo tunalopenda kulieleza mwezi huu kwa wasomaji wetu, wazee na vijana. Wengi wetu twadhani kwamba nikaha ikisha kufungwa mbele ya mashahidi, na cheti kikatolewa, mambo mengine yote hufuata yenyewe. Kwa mwanamume raia aoaye mwanamke mgeni, dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Kwa mwanamke raia aolewaye na mgeni, dhana hiyo ni kosa, na limekwisha kuzigharimu nyumba nyingi.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ni ile nambari 6 ya mwaka 1995. Kifungu chake cha 11 chaeleza kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania, wakati wo wote maadamu mumewe yu hai, ana haki ya kuomba na kufanywa raia wa tajinisi. Kifungu hicho hakimwambii angoje miaka mingapi. Ama mume mgeni wa mwanamke Mtanzania, hana kifungu chake. Yeye huambiwa apite mlango wa wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo awe amekaa si chini ya miaka 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe mtu wa mwenendo mwema, ionekane kwamba ana faida kwa nchi, na awe anakusudia kuishi hapa daima. Akisha kuyatimiza yote hayo, jambo lake huwa mkononi mwa Waziri, ambaye halazimiki kutoa sababu za kukubali wala za kukataa, na uamuzi wake hauna rufaa. Katika hesabu yote hiyo, kule kuwa kwake mume wa raia na baba wa watoto raia hakumpunguzii hata mwezi mmoja.

Na kabla ya kuufikia uraia yako mambo ya ukaazi, ambayo ndiyo hasa yanayowasumbua watu wetu. Sheria ya Uhamiaji, nayo ya mwaka 1995, imeviweka vibali vya kuishi katika madaraja matatu. Daraja A ni la mwenye biashara au mtaji wake mwenyewe. Daraja B ni la aliyeajiriwa katika kazi maalumu. Daraja C ni la wale wasioingia katika hayo mawili. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2015 juu ya ajira za wageni, inayotaka kibali cha kazi pia. Basi fundi wa mitumbwi asiye na mtaji wala mwajiri, aliyekuja Guta na begi la randa na patasi, na aliyeoa hapa, atajiweka daraja gani? Wengi hawajiweki po pote. Wana wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusiwa kuingia na kutembelea kwa muda wa hadi miezi 6, nao hugongewa mhuri Sirari, wakarudi kugongewa tena, mwaka baada ya mwaka, wakiwa wageni watembezi katika nyumba walizozijenga wenyewe.

Msomaji aliye mbali atauliza, kwa nini jambo hili liwe kubwa huko kwenu? Guta haiko mpakani. Iko katika Ghuba ya Speke, upande wa Bunda, na atokaye Sirari kwa barabara huipita Tarime na Bunda kabla ya kutufikia. Lakini ziwa ni barabara nyingine. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya juu ya mstari utokao mlango wa mto Umba, pwani ya bahari, mpaka ufuo wa mashariki wa ziwa hili. Na ndugu waliokuwa wakizikana na kuozana wakaamka wengine wa huku na wengine wa kule. Wajaluo na Wakuria wako pande zote mbili mpaka leo. Kisha sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, alipozidi kuwa mwingi katika miaka ya 1980, mialo yote ilijaa watu: wavuvi, wachuuzi, mafundi wa injini, washona nyavu, wauza barafu. Wakaja kutoka Ukerewe na Usukuma, wakaja kutoka Homa Bay na Migori, wakaja na Waganda. Na mahali walipokusanyika vijana wenye kazi na mabinti wenye haya na heshima, ndoa hazikosi kufungwa. Si jambo la ajabu wala la aibu.

Twawajua hapa majirani wawili, na majina yao hatutayataja. Wa kwanza ni mwanamume mzaliwa wa hapa, aliyevuka na dagaa kwenda upande wa Migori, akarudi na mke. Mwanamke huyo alisilimu, akafungiwa nikaha, na baada ya muda mumewe akamwombea uraia. Zilikuwako safari na ada na kungoja, lakini aliupata. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2015 tulimwona katika mstari wa kupiga kura, mtoto mgongoni, na hakuna aliyemtazama mara mbili.

Wa pili ni mwanamke. Baba yake alikuwa mvuvi, na babu yake pia. Aliolewa mwaka 2009 na fundi wa mitumbwi kutoka upande wa Homa Bay, kijana Mwislamu, mtulivu, ambaye mikono yake imeziunda nyingi katika mashua zinazotia nanga kwetu. Nikaha ile ilikuwa na walii wake, mashahidi wake na mahari yake taslimu. Wamejaliwa watoto watano, na watatu kati yao tumewasomesha chuoni. Kiwanja walichojenga kiko kwa jina la kaka wa mke, kwa kuwa sheria za ardhi za mwaka 1999 hazimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mwaka 2016 fundi huyo alikamatwa akiwa kazini, siku zake za kutembelea zimekwisha kupita, akapelekwa mpakani. Alikaa huko miezi 5. Mashua aliyokuwa akiiunda ilibaki mbavu wazi ufuoni mpaka mwenyewe akatafuta fundi mwingine. Mkewe aliuza cherehani, kisha mbuzi. Mtoto mkubwa hatukumwona chuoni kwa muda, na tulipouliza tukaambiwa yuko mwaloni akianika dagaa za watu kwa ujira.

Alirudi, na mpaka leo tunaandika haya angali akienda na kurudi. Hatusemi kwamba waliomkamata walivunja sheria. Waliifuata kama ilivyoandikwa. Lakini tazameni: mwanamke yule wa kwanza na mwanamume huyu wa pili wote wawili walivuka mpaka uleule, wakafungiwa nikaha katika dini ileile, na wote wawili ni wazazi wa Watanzania. Kilichowatenganisha ni kwamba katika nyumba moja raia ni mume, na katika nyumba ya pili raia ni mke.

Tumewasikia wazee wengine wakilipokea jambo hili kwa utulivu mno. Husema: mwanamke humfuata mume, basi na aende kwao, ndivyo dini ilivyo. Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo, maana haifai kuitia dini mdomoni neno isilolisema.

Nasaba hufuata baba. Hilo halina shaka, na mtoto huitwa kwa jina la baba yake. Lakini uraia si nasaba. Uraia ni mkataba baina ya mtu na dola anayoishi chini yake, wala haukujulikana kwa sura hii zama za mafakihi wetu. Walipoizungumza kufu katika madhehebu yetu ya Shafi, walitaja dini, nasaba, kazi, na kusalimika na aibu za mwili. Pasipoti hawakuitaja. Na tukiangalia habari za watu wema waliotutangulia, twaona mume mgeni katika mji wa mkewe si jambo geni hata kidogo.

Nabii Musa (a.s.) aliingia Madyan akiwa mkimbizi, hana mali wala jamaa. Aliwanywesheshea wanyama mabinti wawili kisimani, na mzee wa mabinti hao akamwoza mmoja wao kwa sharti la kumtumikia miaka minane, na akizitimiza kumi, hilo ni hisani yake. Habari hii imo katika Sura ya Qasas, na kila mtoto wa chuo anaijua. Wasomaji watazame jinsi ilivyo karibu na hesabu za sheria zetu, miaka minane na kumi kwa miaka saba na kumi! Ila mzee yule alimkaribisha kwanza, na miaka ikahesabiwa akiwa ndani ya nyumba. Hakumwambia aihesabu akiwa nje.

Na Abdurrahman bin Auf (r.a.), alipohama Makka na kuingia Madina, hakuwa na kitu. Ndugu yake wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake, naye akamshukuru na kuomba aonyeshwe soko lilipo. Akauza samli na jibini, na haukupita muda akaoa mwanamke wa Kiansari, mwenyeji wa mji, na Mtume (s.a.w.) alipojua alimwombea baraka, na akamwamuru afanye walima ijapokuwa kwa kondoo mmoja. Huyo alikuwa mgeni kwa kabila na kwa mji, mwenye kazi ya mikono yake, aliyeoa kwa wenyeji. Hakuna aliyemwambia bibi yule afunge mizigo amfuate mumewe Makka.

Liko na jambo zito kuliko hayo. Dini yetu imemwekea mume wajibu wa kumpa mkewe makao, chakula na nguo. Sura ya Talaq yaamrisha hata mke aliyeachwa akalishwe, katika eda yake, mahali akaapo mume kwa kadiri ya uwezo wake. Sembuse aliye ndani ya ndoa. Na Serikali yetu yenyewe, katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, imeuandika wajibu huohuo: kila mume amtunze mkewe na kumpatia makao, mavazi na chakula. Basi huyu fundi wa Guta, sheria moja yamwamuru amjengee mkewe na kumlisha. Nyingine yamkataza kumiliki kiwanja. Ya tatu yamtaka kibali ndipo ashike randa. Na ya nne yamhesabu mtembezi. Akishindwa kulisha, mkewe aweza kumshitaki kwa ile ya kwanza. Akijitahidi kulisha, aweza kukamatwa kwa ile ya tatu. Kwa hakika hatujui mwanamume wa namna hii ajibu nini, na hatudhani kwamba waliozitunga sheria hizo nne walikaa siku moja wakazisoma pamoja.

Asili ya tofauti hii iko Uingereza. Huko, tangu sheria ya mwaka 1870, mke alihesabiwa kuwa wa taifa la mumewe: Mwingereza mwanamke akiolewa na mgeni aliupoteza uraia wake, na mwanamke mgeni akiolewa na Mwingereza aliupata papo hapo. Sheria yao ya mwaka 1948 ililegeza, ikamwachia mwanamke uraia wake, na mke mgeni ikampa haki ya kuandikishwa. Mume mgeni haikumpa kitu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sheria zake za uraia zilifuata mtindo huo, na baada ya Muungano wa 1964 zikaenea. Ajabu ni hii: Waingereza wenyewe waliiondoa tofauti hiyo kwa sheria yao ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983, ikawaweka mume na mke wa raia katika hesabu moja ya miaka 3. Miaka 12 baadaye, sisi tulipoandika upya sheria yetu ya 1995, tukaiandika tena ile tofauti waliyokwisha kuitupa.

Haikuwa kwa ubahili. Nchi hii si bahili wa uraia. Mwaka 1980 iliwapokea wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 kuwa raia, na mwaka 2014 wakimbizi wa Burundi waliokuja tangu 1972, zaidi ya 162,000, walikamilishiwa uraia wao. Mataifa machache duniani yamefanya hivyo. Na yaelekea hata katika sheria hii ya 1995 nia ilikuwa kumwangalia mama, kwa kuwa mtoto azaliwaye nje ya nchi huwa raia kwa kurithi kutoka kwa baba au kwa mama. Mama ameachiwa ampe mtoto. Kumpa mumewe njia ndiko kulikobaki.

Majirani zetu wamekwisha kupita. Katiba ya Kenya ya mwaka 1963 ilikuwa kama yetu: mke wa Mkenya alikuwa na haki, mume wa Mkenya hakuwa nayo. Katiba mpya ya mwaka 2010, katika ibara ya 15, yasema kwamba mtu aliyekuwa katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kuomba na kuandikishwa. Yasema mtu, haikusema mwanamke wala mwanamume. Uganda iliandika hivyo katika Katiba yake ya mwaka 1995, mwaka uleule tulioandika sisi sheria yetu. Hivyo leo kijana wa Guta akioa Homa Bay, mlango uko wazi kwake kwa mkewe; kijana wa Homa Bay akioa Guta, mlango huo haupo.

Wala mambo haya hayakuja kwa kushushwa tu kutoka juu. Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi, mwaka 1977 iliwanyang'anya waume wageni haki ya kuishi nchini na wake zao, ikiwaachia wake wageni. Wanawake 20, wa mbele yao Bibi Shirin Aumeeruddy-Cziffra, walipeleka malalamiko mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 9 Aprili 1981 Kamati ikaamua kwamba watatu kati yao, walioolewa na wageni, wamedhulumiwa. Mwaka 1983 sheria zikarekebishwa. Botswana, Bibi Unity Dow, mwanasheria aliyeolewa na Mmarekani, alishinda katika Mahakama ya Rufani mwaka 1992 juu ya uraia wa watoto wake. Na Zimbabwe mwaka 1994, katika kesi ya Rattigan, Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ilisema neno ambalo twaliona ni la maana sana: kwamba kumfukuza mume ni kumfukuza mke pia, kwa kuwa mwanamke raia ambaye hawezi kukaa na mumewe katika nchi yake analazimishwa ama aihame nchi ama aivunje nyumba.

Lakini mwenye kudai usawa na awe macho aone anadai nini. Wanawake watatu wakaazi wa Uingereza, mmoja wao Nargis Abdulaziz mzaliwa wa Malawi, walishitaki huko Strasbourg kwa sababu wanaume wakaazi waliruhusiwa kuleta wake zao, nao hawakuruhusiwa kuleta waume. Tarehe 28 Mei 1985 mahakama iliwapa haki. Serikali ya Uingereza ilifanya nini? Ililinganisha, ndiyo, ikawawekea na wake masharti magumu yaleyale yaliyokuwa ya waume. Usawa ulipatikana kwa kuwanyima wote. Sisi hatutaki mwanamke yule wa Migori anyang'anywe kitu ndipo fundi wetu aonekane amelingana naye.

Wako watakaosema: mbona nchi za Kiislamu zenyewe zafanya hivyo? Ni kweli, nyingi zafanya. Katika nchi za Ghuba uraia hupita kwa baba, na jamaa zetu wasemao Kiswahili walioko Oman wanazijua taabu za binti aliyeolewa na asiye wa nchi. Lakini sheria hizo ni za zama hizi za dola, kama ile ya Kuwait ya mwaka 1959, si za mafakihi. Aljeria ni nchi ya Kiislamu, na mwaka 2005 ilibadili sheria yake, ndoa ikawa njia ya uraia kwa mume mgeni na kwa mke mgeni pia. Huko nako wanasoma Kurani ileile.

Liko pingamizi jingine, nalo hatulidharau kwa kuwa tumeliona kwa macho. Wako wanaume wanaooa kwa msimu. Sangara akiwako, yuko mume. Ziwa likifungwa au samaki wakihama, mume ameondoka na injini, na nyuma ameacha mimba na deni dukani. Na wako wanaotafuta jina la mke ili wapate kiwanja na biashara. Sheria ikiwa jepesi, wasema wazee, si watakuja makundi kwa makundi? Twajibu kwamba sheria ilivyo sasa haimzuii mtu wa namna hiyo, kwa sababu yeye uraia haumhusu. Anataka msimu mmoja tu, na miezi 6 ya mtembezi yamtosha. Yule inayemzuia ni wa kukaa. Kenya imeweka miaka 7 ya ndoa yenyewe, na sheria yao ya mwaka 2011 yakataa ndoa iliyofungwa kwa ajili ya karatasi. Na sisi na tuweke miaka tupendayo, mitatu au mitano au saba, lakini ndoa ihesabiwe, na kibali cha kuishi kitolewe kwa mume kwa kuwa ni mume, ili miaka hiyo aihesabu mchana mbele ya watu. Sasa hivi, nani atathubutu kwenda mbele ya afisa kuihesabu miaka 10 aliyoishi bila kibali?

Ya mwaka 2013 hayajasahauliwa. Mwezi Septemba mwaka huo, katika Operesheni Kimbunga huko Kagera, Kigoma na Geita, maelfu walirudishwa makwao au walikimbia kabla ya kukamatwa, na kati yao walikuwamo waliokuwa wameishi na kuoa hapa miaka mingi. Wahalifu walitafutwa, na kuwatafuta ni haki ya Serikali. Lakini mume wa mwanamke raia hakuwa na karatasi iliyomtofautisha na mhalifu.

Tanzania iliridhia mwaka 1985 mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake, ambao ibara yake ya 9 yahusu usawa katika uraia, na Katiba yetu katika ibara ya 13 yakataza ubaguzi wa jinsia. Ni kazi ya wabunge kuyakutanisha hayo na sheria ya 1995. Mbunge ajapo kuomba kura mwaloni huulizwa habari za nyavu na barabara. Na aulizwe na hili, hasa na akina mama, ambao kura zao si chache.

Mpaka itakapobadilishwa, yako mambo ambayo jamaa waweza kuyafanya. Watoto waandikishwe wazaliwapo na wapatiwe vyeti vya kuzaliwa, vyenye jina la mama limeandikwa sawasawa kama lilivyo katika kitambulisho chake. Wenye baba Mkenya wajue kwamba Kenya nayo huwahesabu raia kwa baba yao, na Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo kijana akikaribia miaka 18 na aende akaulize taratibu za kuuacha ule mwingine, asije akakuta ameupoteza huu wa mama yake bila kujua. Cheti cha ndoa kisajiliwe. Ndoa iliyofungwa mbele ya mashahidi tu ni sahihi katika dini, lakini mwanamke akisimama mbele ya afisa kumtetea mumewe ataulizwa karatasi. Na mume mwenye kazi ijulikanayo asione uzito kuomba kibali mapema, hata kama ni cha daraja asilolipenda na ada yake yauma.

Ama wazee, Sheria ya Ndoa imeweka siku 21 za taarifa kabla ya kufunga. Siku hizo zisipite kwa kuhesabu mchele wa walima peke yake. Kijana atokaye ng'ambo aletewe ombi kwa upole, aonyeshe pasipoti yake na mhuri wake wa mwisho, aseme kibali anacho au ameomba lini, na jamaa zake wa kule waulizwe kama ana mke mwingine. Sisi wenye kufungisha tumeanza kuziomba karatasi hizo kabla ya kukubali siku, na wawili kati ya vijana wa mwaka huu walirudi kwao kuzitafuta kwanza. Mmoja amekwisha kurejea nazo.